Hema Jeupe Nyumbani kwa Mercyline

SEHEMU YA TISA

Ulipokunja gazeti lako Jumamosi iliyopita, Mercyline alikuwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la watalii, katikati ya mashamba ya mizabibu ya Ufaransa, ameshika simu ya rafiki yake Milcah. Na ndani ya simu hiyo mlikuwa na picha ya hema jeupe lililosimamishwa nyumbani kwake mwenyewe, Njoro.

Tusimcheleweshe. Bado anaitazama.

Lango lilikuwa lake, lile la kijani lililopindwa na trekta. Tangi la maji lilikuwa lake. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa juu ya nyasi alizozikata kwa mikono yake siku moja kabla ya kupanda ndege. Kando ya zizi la ng'ombe kulikuwa na sufuria tatu, zile za kupikia watu mia. Na chini ya picha Natasha alikuwa ameandika: "Aunty, tent imefika. Chunga Merce asijue."

Kwa msomaji mgeni, Natasha ni binti ya dada yake Milcah. Alipokuja kusoma chuo kikuu pale Njoro, Mercyline alimpa chumba, chakula na gumbuti, viatu vya mpira vya kuendea zizini. Masomo alimaliza mwaka jana. Chumba hakukiacha.

Mercyline alisoma ujumbe mara tatu. Binti yake wa pekee, Faith, alikuwa bodingi, kidato cha pili, kwa hiyo si arusi. Mama Truphena, mama mkwe wake, alikuwa kwa bintiye mtaa wa Free Area, Nakuru, akihudhuria kliniki ya presha, na jana jioni walizungumza naye na kucheka. Aliyebaki ni mmoja. Simu ya Nicodemus, mumewe, ilikuwa imezimwa siku ya tatu sasa.

"Milcah," alisema, na sauti ilitoka ndogo. "Ni nani amekufa kwangu?"

Shiru, mwenye duka la nguo Free Area, aliacha kujipiga picha. Becky, ambaye hulia hata kwenye ubatizo wa watoto wasiomhusu, alishika mdomo. Milcah, mwenyekiti wa akina mama kanisani na kiongozi wa safari, aligeuka kutoka kiti cha mbele akaona simu yake iko wapi. Uso wake ukawa mtupu.

Hapa tazama vizuri, msomaji. Milcah alikuwa na njia mbili. Angesema hakuna aliyekufa, na Mercyline angeuliza hema ni la nini, na angeuliza mpaka apate. Au angekaa kimya, amwachie Mercyline ajibu swali lake mwenyewe.

Alimwambia dereva asimame. Alishuka, akafungua mlango wa nyuma, akamkumbatia Mercyline na kumpapasa mgongo.

"Merce, kaa chini kwanza."

"Nimekaa tayari."

"Basi jikaze, mama. Ni Mungu tu anajua."

Hakusema zaidi, na hakuhitaji. Kwetu hakuna anayekutamkia msiba ukiwa mbali. Unaulizwa uko na nani hapo karibu. Unaambiwa ukae. Unaitwa nyumbani kwa hadithi ya ng'ombe mgonjwa, na unajua ukifika kwenye kona na kuona watu wamejaa langoni. Baba yake Mercyline, mzee wa reli, alipofariki, yeye alikuwa Eldoret akisomea ushonaji. Kaka yake Levis alimwambia aje Nakuru kutia sahihi karatasi fulani. Alifika na kalamu.

Kwa hiyo Mercyline alielewa, na alielewa vibaya.

Alikumbuka siku tatu zilizopita. Milcah, ambaye hata sahani yake hubebewa, alikuwa amembebea begi ngazi zote za hoteli ya Paris. Kule Dijon alimwachia kitanda cha dirishani na kumnunulia mwavuli. Mercyline alidhani urafiki umekomaa. Sasa aliona kwamba siku hizo zote walikuwa wanamhurumia, na mumewe yuko mochari.

Alipiga yowe ambalo mashamba yale hayajapata kulisikia. Mzee wa Kifaransa aliyekuwa akikagua mizabibu yake alivua kofia akasimama wima.

"Ni lini, Milcah? Ni gari?"

"Tulia. Utajua ukifika."

"Nataka kurudi leo."

"Ndege ni Jumanne. Nitaongea na wao. Lete hiyo simu yako nikuwekee, mtu amefiwa hashiki simu."

Akaichukua, akaizima, akaitia ndani ya mkoba wake na kufunga zipu. Kwa upole mkubwa.

Na utalii ukaendelea, maana hoteli ya Lyon ilikuwa imeshalipwa. Walisimama Beaune kuona ile hospitali ya kale yenye paa la vigae vya rangi rangi. Milcah alimweka Mercyline katikati, macho yamevimba, akamwambia Shiru awapige picha.

"Hata yeye angependa uone," alisema.

Mercyline alisimama akapigwa picha, kwa sababu mfiwa huelekezwa na hufuata.

Lakini kichwa chake kilikuwa Njoro. Ekari mbili, ng'ombe saba, miaka ishirini. Aliingia kwenye boma lile likiwa na kibanda cha mabati na akalifanya nyumba. Nicodemus alikuwa na kaka watatu, na kila mmoja alikuwa ameshapima lile shamba kwa macho. Wakimzika yeye akiwa hayupo, asitupe hata konzi moja ya udongo, atakaporudi nani atakuwa amesimama mlangoni mwake? Hilo ndilo lililomwuma kuliko kifo chenyewe, na alijichukia kwa kuliwaza.

Kwenye kituo cha mafuta cha barabara kuu, Milcah alienda msalani. Mercyline alimsogelea dereva.

Dereva, ikiwa umesahau, ni Ndegwa. Ni kijana wetu aliyekwenda Lyon miaka kumi na moja iliyopita kusomea mashine, akaishia kuzungusha watalii. Kwa siku tano alikuwa amesema machache, kwa sababu Milcah alimwambia mapema kwamba dereva ni dereva.

"Nisaidie simu," Mercyline alimwambia. "Dakika mbili."

Namba ya Levis aliijua kwa kichwa.

"Levis, ni mimi. Nicodemus ametuacha."

Kaka yake, fundi wa boila kiwandani na mpiga ngoma wa kwaya, akapumua kwa nguvu. "Nani amekuambia?"

"Milcah. Na tent iko kwangu tayari. Mbona hamkuniambia?"

"Sisi hatujui kitu, Merce. Haki ya Mungu hatujui."

"Basi kina kaka yake wanataka kuzika bila sisi."

"Hawawezi," Levis alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nipe masaa mawili. Naongea na pastor anipatie basi ya kanisa. Tutaenda na akina mama tulie kwetu, tulale hapo, na hakuna mtu atazikwa mpaka wewe ufike. Uko na nani hapo?"

"Niko na wao."

"Sawa. Namba ni hii?"

"Ni hii."

Alirudisha simu. Ndegwa alikuwa amesikia yote na hakujifanya hajasikia.

"Pole sana, mathe. Mimi pia kwetu ni Njoro. Hapo juu ya posho mill. Unajua Njoki, mama wa kabichi?"

"Njoki ni jirani yangu."

"Ndiye mathe wangu. Wacha nimpigie aende akukalie na watu huko nyumbani."

Mercyline alilia upya, safari hii kwa shukrani. Mtu mmoja wa kumkalia na watu.

Saa saba mchana walikuwa Lyon, juu ya kile kilima chenye kanisa jeupe la Fourvière, mji mzima na mito yake miwili chini ya miguu yao. Nakuru ilikuwa saa nane. Shiru na Becky walienda ukutani kutazama. Milcah alikaa kwenye benchi kando ya mlango, mkoba wenye simu mbili mapajani, akiangalia saa kila baada ya dakika moja.

Ndegwa alimwita Mercyline nyuma ya gari.

"Mathe," alisema. "Wengine wangekuambia ukae chini. Wewe simama."

"Sema."

"Bwana yako hajakufa."

Mercyline alimshika mkono wa shati.

"Mathe wangu alienda kukulilia. Akafika akapewa kisu amenye waru, debe zima la viazi. Amemuona Nicodemus kwa macho, amevaa suti ya blue, anapanga watu vile watakaa. Si matanga, ni arusi. Ya nyumbani, ya wazee. Anakaribisha bibi."

"Bibi gani?"

Ndegwa alitazama viatu vyake. "Huyo msichana wa chuo mlikuwa mnakaa na yeye."

Nisikufiche. Kwa muda wa pumzi moja Mercyline alifurahi. Nicodemus yuko hai, anapumua, amevaa suti ya bluu ambayo yeye mwenyewe aliipeleka kwa dobi. Alitaka kucheka. Kisha pumzi ile ikaisha, na mambo yakaanza kuingia kichwani moja moja, kama ng'ombe wanaoingia zizini kila mmoja akijua mahali pake.

Zawadi ya miaka ishirini ya ndoa: nenda Ufaransa, mama, umefanya kazi sana. Nani alimshauri Nicodemus? Milcah. Mama Truphena kuhamishiwa Free Area ghafla, kliniki, kliniki, wakati presha ile ilikuwa ikipimwa Njoro miaka yote. Kwa nini? Kwa sababu Mama Truphena angelala mlangoni kabla bibi mwingine hajauvuka. Natasha kubaki nyumbani, Aunty Merce usijali, nitakamua. Na yeye alimwachia hata namba ya daktari wa mifugo.

Na Milcah, aliyemkumbatia kwenye mizabibu. Jikaze, mama. Alimwacha amlilie mume aliye hai ili asishike simu mpaka Natasha awe ameketishwa kwenye kiti cha bibi arusi.

"Nikupeleke airport?" Ndegwa aliuliza.

"Nitafika lini?"

"Kesho jioni, ukibahatika."

"Na bibi arusi anaketishwa saa ngapi?"

"Mathe amesema saa tisa. Wazee bado wanangojewa."

Mercyline alijifuta uso kwa leso aliyokuwa amefunga kiunoni, leso ya kijani aliyopewa na Mama Truphena siku ya kuondoka. Yule mama hakutaka manukato wala mkufu kutoka Ulaya. Alitaka soksi za sufu, ndefu, kwa sababu baridi ya Njoro humwingia miguuni. Mercyline alizinunua Dijon na hakuziacha hotelini. Zilikuwa ndani ya kikapu chake wakati ule, zimekunjwa.

"Asante, Ndegwa. Usimwambie mtu. Mimi wacha nirudi nilie."

Na akarudi akilia, msomaji, na alilia vizuri kuliko asubuhi.

"Milcah," alisema, akipiga magoti mbele ya benchi. "Niombee."

"Tutaomba hotelini, Merce."

"Hapa. Kanisa ndio hii. Shiru, njoo. Becky, njoo. Milcah anamwombea baba Faith."

Becky alifika machozi yakimtoka. Shiru alikuja na simu mkononi, kama kawaida yake.

"Shiru, record," Mercyline alisema. "Nataka nikiwa mzee niwe na hii."

"Woiye, Merce. Sawa, narecord."

Milcah angeweza kukataa. Lakini mwenyekiti wa akina mama anakataaje kumwombea mjane mbele ya akina mama? Alifumba macho. Aliomba kwa ajili ya safari. Aliomba kwa ajili ya Kenya na Ufaransa. Aliomba faraja kwa familia hii.

"Mtaje jina," Mercyline alisema kwa unyenyekevu. "Mungu ana watu wengi leo."

Jasho lilikuwa limejitokeza kwenye mdomo wa juu wa Milcah. "Baba, unajua mtumishi wako..."

"Jina, Milcah."

"Nicodemus," Milcah alisema. "Mpokee... mpokee Nicodemus."

"Amina," alisema Becky, na akaanguka juu ya bega la Shiru akilia kwa kwikwi.

"Nirushe kwa grupu ya akina mama?" Shiru aliuliza.

"Ngoja kwanza..." Milcah alifungua macho.

"Rusha," Mercyline alisema. "Watu waombe pamoja na sisi."

Ilikuwa imeshakwenda. Dakika mbili hazikupita kabla Nakuru nzima haijaanza kujibu. Pole sana dada. Mungu akutie nguvu. Jana si nilimuona duka? Kweli hatujui siku. Shiru alizisoma kwa sauti moja baada ya nyingine, na Milcah alizisikiliza huku ameubana mkoba kama mtu aliyeshikilia kifuniko cha sufuria inayofurika. Safari hii hakuwa amemwachia tu mtu aamini jambo mwenyewe. Alikuwa amelitamka, kwa sura yake na sauti yake, mbele ya kanisa.

Ndegwa alikuja na simu yake. "Mathe, ni yako."

Alikuwa Levis. Nyuma yake basi la kanisa lilikuwa likinguruma na akina mama wakipasha sauti zao.

"Merce, tumefika Njoro, hapa tu kwa soko. Sikiza. Kuna jamaa wa butchery anasema Nicodemus amechukua nyama kwake leo asubuhi. Yeye mwenyewe. Sasa mimi sielewi. Tuendelee ama turudi?"

Hapo, msomaji wangu, palikuwa na mlango ulio wazi. Neno moja lingetosha. Levis ni mtu mpole, angegeuza basi, watu wangekunywa chai mjini na kurudi makwao. Mercyline aliliona neno hilo. Aliliweka mdomoni. Kisha akamwona Natasha na gumbuti zake, akipita langoni kama mwenye nyumba.

"Umeona video ya Milcah?" aliuliza.

"Nimeona. Kila mtu ameona."

"Basi huyo mtu wa butchery ni nani mbele ya Milcah? Endeleeni."

"Sawa. Mimi niliitisha familia yote, hakuna mtu wa maana tumeacha nyuma."

Kina nani? Swali la maneno mawili, na hakuliuliza.

"Anzeni kuimba kutoka kwa kona," alisema. "Na usikate simu, Levis. Iweke kwa mfuko. Nataka kusikia vile mnamlilia bwana yangu."

Alienda mbali na wenzake, hadi ukuta wa mawe ulioutazama mji wote, akaiweka simu sikioni.

Alisikia basi likipanda ile barabara ya udongo. Alisikia posho mill ikisaga mahindi, na mbwa wa Njoki. Kisha alisikia muziki, gitaa na kinanda, ule wimbo ambao kila DJ wa Nakuru hupigia maarusi. Basi likasimama, mlango ukafunguliwa, na akina mama thelathini wakashuka na wimbo wa mazishi, na mmoja wao, yule wa sauti ya juu, akapiga yowe la kwanza langoni.

Gitaa likakatika katikati ya neno.

"Nyinyi watu." Ilikuwa sauti ya Nicodemus, karibu kabisa na mfuko wa Levis. "Nyinyi watu mnalilia nani hapa kwangu?"

Waliomwona kwanza ndio waliokimbia kwanza. Mercyline alisikia viti vya plastiki vikianguka safu kwa safu. Alisikia sufuria ikipinduka na mtu akiungua. Mama mmoja alikuwa akilitaja jina la Yesu bila kupumua. Mzee fulani, bila shaka wa upande wa bibi arusi, aliuliza kwa hasira kama wameitwa kwenye arusi au kwa maiti inayotembea. Na katikati ya yote alimsikia Natasha akilia, kilio chembamba cha mtoto aliyenyang'anywa kitu.

Mercyline alitabasamu. Tabasamu la kwanza tangu asubuhi, na halikuwa zuri. Nitakuwa mwongo nikisema lilikuwa zuri.

Nyuma yake mkoba wa Milcah ulianza kulia. Milcah alipokea, akasikiliza, na rangi ikamtoka. Akaja akitembea upesi, viatu vikigonga mawe.

"Umefanya nini, Merce?"

"Nimemlilia bwana yangu. Si uliniambia nijikaze?"

"Ulijua. Ulipiga magoti hapo na ulijua."

"Na wewe uliomba na ulijua. Mimi angalau nilikuwa nalia kwangu."

"Huyo msichana ni damu yangu. Hana baba. Nicodemus alimpenda mwenyewe, mimi sikumlazimisha. Ningemfukuza?"

"Mimi nilimlisha miaka tano, Milcah. Mimi nilimfukuza?"

Milcah aliuhamisha mkoba kutoka bega moja hadi lingine. Mercyline alingoja. Hizo zilikuwa sekunde tamu kuliko zote za safari ile, tamu kuliko Paris, na alizitafuna polepole. Atarudi Jumanne akute boma tupu, maarusi wamekimbia, mume wa aibu ambaye kila akipita sokoni wataulizana kama amefufuka. Nyumba itabaki yake. Alikuwa ameshinda kutoka ng'ambo ya bahari, kwa simu ya kuazima.

Simu ile ilikuwa bado sikioni mwake. Kelele zilikuwa zimepungua. Na katika upungufu ule alisikia sauti moja ikitoka mlangoni mwa basi, nyembamba, yenye umri, ikishuka ngazi taratibu.

"Nico," sauti iliita. "Nico wangu. Wanasema ni wewe."

Ni mtu mmoja tu duniani aliyemwita Nicodemus kwa jina hilo.

"Levis," Mercyline alisema. "Levis, Mama yuko hapo? Levis, toa simu kwa mfuko. Mmemleta Mama?"

Mkwaruzo wa nguo, upepo, kisha Levis, akihema. "Si ni mama yake, Merce. Tungemwacha aje? Tulimpitia Free Area. Hatukumwambia kitu, tulimwambia ng'ombe yako amezaa, aje aone ndama. Amejua tukianza kuimba hapa kwa gate."

"Mrudishe ndani ya basi. Asimwone. Levis, mshike."

"Ameshamwona."

Alisikia Nicodemus akisema "Mama," mara moja, kwa sauti ambayo hakuwahi kumsikia nayo miaka yote ishirini. Alisikia wanawake wakivuta pumzi pamoja. Kitu kizito kilianguka kwenye nyasi, wala hakikuwa kiti. Kisha simu ikakatika.

Alipiga. Haikupokelewa. Alipiga tena. Ndegwa alikuja akasimama hatua chache kutoka kwake, akamwona uso, akarudi nyuma kuwazuia Shiru na Becky wasisogee. Watalii wa Kijapani walipiga picha mji na kupita. Mercyline alitia mkono ndani ya kikapu akazishika zile soksi za sufu, akazibana, na akagundua kwamba anazipasha joto.

Angesema turudi. Lilikuwa neno moja, na alilimeza kwa hiari yake.

Dakika sita zilipita. Chini, mito miwili ya Lyon iliendelea na safari yake. Milcah hakuondoka ukutani. Simu yake nayo ilikuwa kimya.

Simu ya Ndegwa ilitetema mkononi mwa Mercyline.

"Levis. Ameamka? Niambie ameamka. Ni presha tu, si ana dawa zake kwa mkoba?"

Huko nyuma ya Levis hakukuwa na wimbo wala muziki. Alipozungumza, alizungumza polepole na kwa upole, kama siku ile ya karatasi na kalamu.

"Merce," alisema. "Uko na nani hapo karibu?"

Mercyline aligeuza kichwa. Aliyekuwa karibu alikuwa Milcah peke yake.